Jino la papa shingoni mwa mtoto: Ni halisi au bandia?

Hakuna anayenunua dhahabu kwa maneno matupu katika machimbo ya Geita. Huchomwa, hupimwa kwenye mizani, na wanunuzi wengine huipima tena ikiwa ndani ya maji ili kujua usafi wake. Lakini baba huyohuyo asiyekubali kudanganywa kwenye punje ya dhahabu anaweza kutoa noti bila kuuliza, akiambiwa kitu fulani kitamponya mwanawe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Kahama, mkoani Shinyanga. Baba ni mchimbaji mdogo upande wa Geita. Aliposikia kwa simu kwamba mtoto wao wa miezi saba anaharisha na ana homa, alirudi nyumbani na jino jeusi lenye ukubwa wa kidole gumba, limetobolewa na kupitishiwa kamba. Muuzaji alimwambia ni jino la papa wa kale, limetoka ndani ya duara, na mtoto akilivaa shingoni hapati "meno ya plastiki". Pesa aliyolipa ilikuwa imetengwa kwa sare za binti yao wa kidato cha tatu.

Bibi alitaka mtoto avishwe jioni ileile. Mama wa mtoto alimjibu mkwewe kwa upole: "Mama, tumpeleke kwanza zahanati, hili tutalizungumza tukirudi." Wakaondoka na mtoto. Binti akabaki na baba yake, jino likiwa mezani. Akauliza: "Baba, huyo papa alifikaje Geita?"

Swali hilo ndilo kipimo cha kwanza cha kisukuku chochote, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka kuwa jiwe: kimetoka kwenye mwamba gani? Miamba yenye dhahabu ya Geita na Kahama ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Papa wa mwanzo walitokea duniani miaka milioni mia nne na ushee iliyopita. Mwamba huo ulikuwa umeshaganda muda mrefu sana kabla ya papa yeyote kuwapo, hivyo jino lake haliwezi kuwa ndani yake.

Tanzania ina meno ya papa wa kale, ila ni kule ambako bahari ilifika. Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, kumepatikana pia mabaki ya papa wa takriban miaka milioni 150 iliyopita. Mifupa ya papa ni gegedu laini linalooza haraka, lakini meno yake ni magumu, na katika maisha yake papa mmoja huangusha maelfu ya meno. Kwa hiyo jino la kale si lazima liwe kitu adimu. Huko Khouribga, Morocco, hupatikana kwa wingi kwenye migodi ya fosfeti, na hata huko wapo wanaounganisha vipande kwa gundi na mchanga ili jino lionekane zima.

Kipimo cha pili ni macho. Jino halisi lina sehemu mbili zisizofanana: sehemu ya juu ni nyororo na inang'aa, mzizi umefifia na una vitundu vidogo kama vya mfupa. Lililokaa ardhini kwa muda mrefu huwa zito kama jiwe, na rangi yake hutokana na madini yaliyolizunguka. La bandia mara nyingi ni jepesi, lina rangi moja kuanzia ncha hadi mzizi, na ukilitazama kwa kioo cha kukuzia unaona vitundu vya mapovu ya hewa au mstari wa kalibu pembeni. Jino lile la Kahama lilikuwa na mstari huo pande zote mbili. Baba alilipima kiganjani, kama anavyopima punje ya dhahabu, akanyamaza.

Wapo wanaoshauri kulamba kisukuku ili kuona kama kinanata kwenye ulimi, au kukichoma kwa sindano ya moto. Nyumbani usifanye hivyo, hasa kwa kitu kilichotoka machimboni. Vumbi la karasha na zebaki inayotumika kukamatia dhahabu ni sumu, na mtoto mchanga hutia kila kitu mdomoni. Na hata jino lingekuwa halisi, kamba shingoni inaweza kumkaba mtoto akiwa usingizini, na jino likichomoka linaweza kumpalia.

Kisukuku halisi pia si mali ya kuuziana kiholela. Kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Aliyekiona anatakiwa kutoa taarifa, na hakisafirishwi nje ya nchi bila kibali.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye hayo yanayoitwa meno ya plastiki. Mtoto akiharisha au akipata homa, watu humfunua ufizi. Wakiona uvimbe mweupe, hasa mahali pa chonge, husema ni jino la plastiki, kisha huling'oa kwa kisu, msumari au hata spoku ya baiskeli. Uvimbe huo ni jino la kawaida la utoto ambalo bado halijachomoza. Ni laini na jeupe kwa sababu halijakomaa. Kuling'oa huleta kutokwa na damu nyingi, maambukizi, pepopunda na kuharibika kwa jino la kudumu, na wapo watoto waliokufa. Katika nyumba ile, plastiki ilikuwa mezani ikiitwa jino, na jino la kweli lilikuwa ufizini likihofiwa kuwa plastiki.

Zahanati mtoto alipewa ORS na zinki. Kuharisha kulikoma baada ya siku chache. Muuzaji hakuonekana tena, na sare zilisubiri mwezi uliofuata.

Mzazi, mtoto akiharisha endelea kumnyonyesha, mpe ORS kidogo kidogo, na umpe zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Mkimbize kituo cha afya akiwa na macho yaliyobonyea, akilegea, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au ukiona damu kwenye choo chake. Yeyote akikuambia ana meno ya plastiki, mwambie asubiri mpaka daktari wa meno amwangalie mtoto.