Swali la Wanafunzi

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa na mgongo wazi. Kabla hata hajafanyiwa upasuaji, ndugu wa pande zote mbili walikuwa wakiulizana: hili limetoka ukoo gani? Ndilo swali ambalo wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule kipofu, katika Injili ya Yohana sura ya 9. Naye hakumtwika lawama kipofu wala wazazi wake.

Hapa Karema tumelelewa na kumbukumbu ya Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa, akasomea udaktari Malta, akawa katekista na tabibu wa wazee wetu hadi alipofariki mwaka 1956. Hakutenganisha sala na dawa. Nasi tukaona tusali, na tujifunze pia.

Tulijifunza kwamba mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza, mara nyingi mama hajajua kuwa ni mjamzito. Kazi hiyo huhitaji foleti, iliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Mahindi yenye ukungu huweza kubeba sumu iitwayo fumonisini, ambayo huzuia foleti kuingia kwenye seli. Mwaka 1991 huko Brownsville, Texas, watoto kadhaa walizaliwa bila sehemu kubwa ya ubongo, na watafiti baadaye waliihusisha sumu hiyo. Lakini wengi walikula mahindi yaleyale wakapata watoto wazima. Sababu mojawapo ni urithi: wapo ambao miili yao huitumia foleti kwa shida, na urithi huo waweza kutoka kwa baba na kwa mama.

Neno “urithi” lilitutia hofu. Lingeweza kuwa fimbo mpya mikononi mwa ndugu. Lakini urithi si dhambi, hakuna aliyeuchagua. Tunachoweza kuchagua ni kuanika mahindi juu ya turubai, kutupa punje zenye ukungu badala ya kuzipeleka mashineni, na kuwashauri mabinti zetu waanze vidonge vya foliki kabla ya kushika mimba.

Leo mtoto wetu anatembea kwa magongo na anaimba kwaya. Yesu, alipokwisha kujibu, alifanya tope akaanza kazi. Basi jirani akipata mtoto wa namna hii, wapendwa, tusiulize ukoo. Tuulize nauli ya hospitali imepungua shilingi ngapi.