Mtoto Asiyeweza Kuketi

Nataka kuwaandikia jambo ambalo limo katika nyumba nyingi, walakini halisemwi barazani, nalo ni habari ya mtoto ambaye umri wa kuketi umempita, naye hawezi kuketi. Katika ukoo wetu yumo mmoja, mwana wa dada yangu, aliyezaliwa mwaka 2019. Mimi ni mjomba wake, na mjomba hawezi kusema ya kwamba mambo ya mpwa wake hayamhusu.

Hali hii waganga wa hospitali huiita mtindio wa ubongo. Maana yake, ubongo uliumia ulipokuwa ungali mchanga: tumboni, au saa ya kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya utoto. Sababu zake ni nyingi. Pengine mtoto huzaliwa kabla ya miezi kutimia, au hukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Pengine hupatwa na manjano kali, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Mganga mmoja wa London, jina lake William John Little, alichapisha habari hizi mwaka 1862, akaonyesha ya kuwa uzazi mgumu huweza kuleta kukakamaa kwa viungo vya mtoto. Basi jambo hili limejulikana zaidi ya miaka 160, na hata hivyo dada yangu aliulizwa mara nyingi amekosa nini hata akapata mtoto wa namna ile. Wengine walimwuliza hivyo wakitoka kanisani. Na wakumbuke kwamba wanafunzi walimwuliza Bwana swali lilo hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, na jibu alilowapa sote twalijua.

Mpwa wangu alipotimiza miaka miwili, shingo yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, na miguu yake ilikakamaa ikapishana kama mkasi. Akiketishwa, alianguka nyuma au ubavuni. Kwa hiyo alilazwa chali mkekani mchana kutwa, akalishwa uji naye amelala, akapaliwa. Kulisha hivi ni hatari, maana chakula huweza kuingia katika njia ya hewa na kuleta homa ya mapafu. Na kifua chake kiliugua mara kwa mara. Majirani walisema hana akili.

Kisha dada yangu alimpeleka kwa mama mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nami nikafuatana naye. Sisi tulitazamia atainyosha miguu. Hakuanza na miguu. Alimketisha mtoto juu ya benchi, akamshika kwa mikono miwili chini ya makwapa, akamtazama. Kisha akaishusha mikono yake kidogo kidogo, kuelekea mbavu za chini. Mikono ilipofika kati ya kifua, mtoto akaporomoka. Yule mama akairudisha juu kidogo, akasema, “Kazi yetu inaanza hapa.”

Akatueleza ya kuwa kiwiliwili hakitawaliwi chote kwa mara moja. Mtoto huitawala shingo kwanza, kisha kifua, kisha kiuno, na mwisho nyonga, kama jua la asubuhi liangazavyo kilele cha mlima kabla ya kushuka bondeni. Ukimshika juu mno, humwachii kazi. Ukimshika chini mno, huanguka na kuogopa. Yafaa umshike imara mahali ambapo sehemu iliyo juu ya mikono yako yaweza kujisimamisha kwa juhudi yake mwenyewe. Akipata nguvu, shusha mikono.

Tena alisema neno ambalo nimelitafakari sana. Mtoto ambaye kiwiliwili chake hakina uthabiti huifanya mikono yake kuwa nguzo. Huishindilia chini, au huikunja kifuani, ili mwili usianguke. Basi atashikaje kijiko? Ataonyeshaje akitakacho? Hata sauti yake haitoki vema, kwa kuwa kifua kimejikunja. Watu humwona hatendi neno, nao husema hana akili, kumbe nguvu zake zote zimetumika katika kupigana na kuanguka.

Kazi ya nyumbani haikuhitaji fedha nyingi. Mtoto alilazwa kifudifudi, kanga iliyoviringwa ikawekwa chini ya kifua chake, na mbele yake kitu akipendacho, ili ainue kichwa kukitazama. Mama yake alimpakata ametenganisha miguu yake juu ya paja. Hatukumvuta viungo kana kwamba ni kamba. Ilimpasa mwenyewe kutaka na kujaribu, kwa kuwa mtoto hujifunza kwa kile akitendacho, si kwa kile atendewacho tu. Haya yalifanywa wakati wa kuoga, wa kula, na wa kucheza, kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Seremala wetu alitengeneza kiti kwa vipimo vya mwili wake: nyonga zifike nyuma kabisa, magoti yakunjwe vizuri, nyayo zikanyage ubao, na meza ndogo iwe sawa na viwiko. Kipande cha mti kilichofunikwa kwa kitambaa kilitenganisha magoti. Asiye na mbao asikate tamaa. Nchini Zimbabwe Bevill Packer alieneza ufundi wa kutengeneza viti vya namna hii kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga. Walakini mtoto asiachwe kitini mchana kutwa. Na ageuzwe mara kwa mara, ili ngozi isichubuke na viungo visikakamae zaidi.

Sipendi kuwadanganya. Mazoezi hayaponyi ubongo ulioumia. Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake nchini Kanada walitoa kipimo chenye daraja 5: mtoto wa daraja la kwanza hutembea, na wa daraja la tano huona taabu hata kukiinua kichwa chake. Mtoto aketiye peke yake kabla ya kutimiza miaka miwili ana matumaini makubwa ya kutembea. Mpwa wangu hakuwa hivyo, naye hatembei. Lakini sasa hushikwa kiunoni tu. Hula akiwa ameketi, kidevu kimeinama kidogo, na kupaliwa kumepungua. Na siku mikono yake ilipopata nafasi, alinyosha kidole akaonyesha mmoja mmoja, dada yake, kaka yake, na mimi, kila tulipotajwa jina. Alikuwa akitujua siku zote.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wazazi, mtoto asiyeweza kukiinua kichwa akiwa na miezi minne, au kuketi akiwa na miezi tisa, mpelekeni hospitali mapema, kabla viungo havijafupika na nyonga hazijateguka. Nanyi walimu wenzangu, mkiletewa mtoto wa namna hii, msimpime akili kabla ya kutazama chini ya meza. Kama miguu yake yaning’inia, tieni tofali au kigoda chini yake. Kama mwili waegemea upande, tieni nguo iliyokunjwa ubavuni. Kisha mwulizeni swali, mkangoje.

Wasalaam.
Ni mimi ndugu yenu, mwalimu wa dini.