Kutoka Vitufe vya Casio hadi Kioo

Sisi tuliokulia Tabata Kimanga miaka ya tisini tuliujua mchiriku kabla hatujaweza kusoma vizuri. Ukisikia ngoma zinaita na kinanda kidogo kinalia kwa ukali kwenye spika za honi, unajua mtaa wa pili kuna shughuli, na mtoto wa kulala mapema siku hiyo hayupo. Kinanda chenyewe kilikuwa Casio ndogo ya kupakatwa mapajani, imeungwa kwenye amplifaya kuukuu iliyopitia mikononi mwa fundi redio. Sauti ilikwaruza, na huo mkwaruzo ndio uliowapandisha watu mzuka.

Mpigaji alikaa katikati ya watu, nasi watoto tukimzunguka kutazama vidole vyake. Mkono mmoja ulishika mdundo, mwingine ukijibizana na mwimbaji. Mwimbaji akirefusha maneno, kinanda kinamsubiri. Jina la mama mwenye shughuli likitajwa, kinanda kinapanda juu kumshangilia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muziki wa shughuli haumalizwi nyumbani. Nusu yake hutengenezwa palepale, mbele ya wenyewe. Jagwa Music, kundi la Mwananyamala, waliupeleka mchiriku hadi Ulaya, na mwaka 2012 albamu yao ya *Bongo Hotheads* ilitolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji.

Kisha kompyuta ikaingia mtaani. Chumba kimoja, godoro limeegeshwa ukutani kuzuia mwangwi, FL Studio kwenye kompyuta, na biti imekamilika. Emsii akawa anakwenda kwenye shughuli na CD mkononi. Sielezi haya kwa kubeza, kwa sababu kompyuta iliwafungulia mlango vijana ambao wasingeweza kununua ala hata moja. Lakini kuna kitu kilipungua, nami nilikiona wazi kila emsii alipozidiwa na watu waliomfuata kumtunza. Anataja majina, noti zinaendelea kuja, bado hajamaliza kushukuru, na biti imeshafika mwisho. CD haimsubiri mtu.

Singeli ndiyo iliyorudisha mikono. Muziki huu uliokulia Manzese, Tandale, Mburahati na mitaa jirani ulichukua vipande vifupi vya taarabu na mchiriku, ukavizungusha na kuvikimbiza hadi mapigo 200, wakati mwingine karibu 300, kwa dakika. Studio ya Sisso pale Mburahati ikawa tanuru lake. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa *Sounds of Sisso*, na dunia ikaanza kuuliza hawa vijana wa Dar es Salaam wanafanyaje. Wengi walifanya kwa Virtual DJ na kibodi ya kawaida ya kompyuta: wanachapa herufi kwa kasi hadi kipande cha sauti kinajirudia, kinakatika, kinarudi tena. Ulikuwa upigaji kamili, wenye jasho na ustadi. Ila vidole vilibaki nyuma ya kifuniko cha kompyuta, na aliyesimama mbele hakuviona.

Huko nyuma, kwingineko, watu walikuwa wakihangaika na jambo hilohilo, kuurudisha mkono kwenye muziki wa kompyuta, kwa njia nyingine. Mwaka 2005 kampuni ya JazzMutant ya Bordeaux, Ufaransa, iliingiza sokoni Lemur, kioo cha kuendeshea muziki kilichotambua vidole vyote kumi kwa pamoja. Bei yake ilihesabika kwa maelfu ya dola. Kwetu hicho kilikuwa kitu cha kukitazama kwenye picha. Mwaka 2010 ikaja iPad, na mwaka uliofuata Lemur yenyewe ikawa programu ya kupakua. Kilichotufikia hasa sisi tunaowapigia emsii kwenye shughuli ni cha mwaka 2013, pale Image-Line, watengenezaji wa FL Studio, walipotoa programu ya bure iitwayo Image-Line Remote, iliyogeuza simu au kishikwambi kuwa meza ya kuiongozea FL Studio. FL Studio tulikuwa nayo tayari. Kilichobaki kilikuwa kutafuta kioo.

Nilikipata Kariakoo. Hapo nilijifunza kwamba vioo havilingani. Vile vya zamani vilitaka ukandamize kwa ukucha na vilielewa kidole kimoja tu. Vingine vya bei ya chini huelewa viwili, cha tatu kikigusa vinachanganyikiwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, unafungua programu ya kuchorea, unaweka vidole vitano kwa mpigo na kuviburuza. Ukiona mistari mitano, toa pesa. Kipanya cha kompyuta hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Mwanamuziki anahitaji kushika hiki, kupunguza kile na kugonga kingine ndani ya nukta moja.

Uzuri wa kioo ni kwamba hakuna kiwanda kilichokupangia vitufe. Unajichorea ala yako. Upande wa kushoto niliweka miraba minane mikubwa, kila mmoja na lupu yake: ngoma, besi, kinanda cha mchiriku, vigelegele, na kadhalika. Kulia niliweka vitelezi vitatu virefu, vya besi, mwangwi na sauti ya jumla. Chini, mraba mmoja mwekundu wa kunyamazisha kila kitu isipokuwa kipaza sauti cha emsii. Miraba ni mikubwa kwa sababu ya joto letu. Tone la jasho likianguka kwenye kioo, kioo hudhani ni kidole, na lupu ambayo hukuiita inaanza kulia. Taulo dogo kavu mezani ni sehemu ya ala, sawa na waya.

Mtandao nao una mambo yake. Kwenye shughuli yenye watu mia kadhaa, kila mmoja na simu yake, waifai ya kuazima husuasua. Nilinunua ruta ndogo isiyo na intaneti yoyote, kazi yake ni kukiunganisha kishikwambi na kompyuta tu, nikaifunga chini ya meza. Hata hivyo, kasi ya singeli haina msamaha. Kwa mapigo 240 kwa dakika, mapigo manne huisha ndani ya sekunde moja. Kioo kikichelewa kidogo tu, sikio linakamata. Dawa yake ni kugusa mapema na kuiachia FL Studio isubiri mwanzo wa mzunguko unaofuata ndipo iiingize lupu. Vile vya kugonga papo kwa papo, kama makofi, niliviacha kwenye kibodi ya kompyuta, kwa sababu kitufe cha kweli unakipata hata ukiwa umefumba macho, ilhali kioo kinataka ukitazame.

Mara za mwanzo nilikilaza kishikwambi mezani. Mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga kiunoni, alinisogelea akaniambia, "Mwanangu, weka simu chini, wenzio wanacheza." Nikamwonyesha kioo, nikamwomba aguse mraba wa vigelegele. Akagusa, uwanja ukaitikia, akagusa tena. Tangu siku hiyo nakisimamisha kwenye stendi, kimeinamia upande wa watu, na watoto wanakuja kusimama pembeni kutazama.

Faida yake kubwa imo kwa emsii. Watu wakianza kumtunza, kidole kimoja kinaishikilia lupu izunguke palepale, kingine kinashusha besi taratibu ili majina yasikike. Anataja ukoo mzima kwa nafasi yake. Akiniinulia mkono, besi inarudi yote kwa pamoja na uwanja unalipuka. Yale niliyoyaona utotoni, mpiga kinanda akimsubiri mwimbaji, sasa yanawezekana kwa kasi ambayo Casio isingeifikia.

Na hamu ya mkono hai haikuishia kwenye vioo. Katika *Singeli Ya Maajabu*, albamu ya Sisso na Maiko ya mwaka 2024, Maiko yuko kwenye kinanda, ushahidi kwamba hata waliokulia ndani ya kompyuta wanakitafuta kidole.

Vijana wanaoniuliza wanunue kishikwambi gani nawajibu hivi: kaa kwanza na emsii wako, mkubaliane mambo manne tu anayoyahitaji kutoka kwako akiwa mbele ya watu. Chora miraba minne ya mambo hayo, uifanyie mazoezi hadi uzijue pumzi zake. Wa tano utakuja shughuli yenyewe ikiudai.