Tifu, Tapwi, Chubwi

Kufundisha Kiswahili katika shule za msingi za Kwale enzi za KCPE kulikuwa, kwa sehemu kubwa, kusahihisha insha. Mtihani ule wa kumaliza shule ya msingi, ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, ulimpa mtoto dakika 40 za kuandika insha ya alama 40, na walimu tuliamini kwamba mtahini hupenda mapambo: methali, tashbihi, tanakali za sauti. Basi insha zikapambwa kama maharusi. Msambweni nilibeba marundo ya madaftari nyumbani, na humo ndani kila mtu alianguka pu, kila mlango ulifungwa ndi, kila usiku ulikuwa wa giza totoro. Ukimaliza la kwanza, la mwisho umeshalisoma.

Chanzo kilikuwa orodha za kukariri zilizobandikwa ukutani. Zenyewe hazina ubaya. Aliyetuachia tifu ya mchangani, tapwi ya matopeni na chubwi ya majini alikuwa na sikio kali: silabi mbili tu, na msomaji keshajua mtu ameangukia wapi bila kuambiwa. Mtoto aliyekariri bila kusikia ndiye anayemwangusha mtu pu baharini.

Kijana mmoja wa Gazi aliandika juu ya kuwinda kaa, akajiangusha pu mikokoni.

"Mikokoni chini kuna nini?" nikamuuliza.

"Matope, Mwalimu."

"Na wewe ulipoanguka ulisikika vipi?"

Akacheka. "Tapwi."

"Haya, na mguu ulipoung'oa?"

Hapo orodha ilikuwa imekwisha. Darasa zima likaanza kutoa midomo mbele: chwapu, fyopo, mwengine akapuliza kitu kisichoandikika. Wenye kuzoea mikoko walibishana na watoto wa mashambani hadi kengele ikalia, na fyopo ikashinda. Sijapata kuona watoto wakigombania herufi kwa hamu namna ile.

Tangu siku hiyo nikawa nawatoa nje. Chini ya mikorosho tulitembea juu ya majani makavu ili kila mmoja aisikie parakacha kwa miguu yake kabla ya kuiandika. Nilipohamia upande wa Diani nilikuta mbega wakirukaruka juu ya bati la darasa, na somo likajileta lenyewe. Mvua ndiyo iliyonifundisha zaidi. Hoteli za ufuoni huezekwa makuti kwa ajili ya wageni, ilhali mzazi wa Ukunda akipata vijisenti huyaacha makuti akahamia bati. Kwa hiyo darasa moja lilikuwa na mvua mbili. Aliyelala chini ya bati aliamshwa na kishindo. Wa makuti aliamka pale tu paa lilipovuja, ndo, ndo, ndo, ndani ya sufuria. Wote walikuwa wakiandika mvua ya bati, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kitabuni. Msichana mmoja aliyeandika ile ya sufuria akamaliza kwa methali, chururu si ndo ndo ndo, na safari hii methali ikakaa mahali pake, haikubandikwa.

Masharti yangu yalikuwa machache. Tanakali ije pale kisa kinapogeuka. Isifuatwe na maelezo: ukishasema tifu, "kwa kishindo kikubwa" ni ya nini? Na ukurasa ukijaa pu na pa, msomaji hasikii kitu, kama abiria wa feri ya Likoni asiyesikia tena honi. Nyeupe pe na kimya jii niliwaachia, ingawa hazina sauti ya kuiga. Lugha yetu haitaki tanakali iishie masikioni.

Yule wa mguu matopeni aliitumia fyopo katika mtihani wa majaribio. Mwalimu mwenzangu aliyesahihisha akaikata kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Haimo." Nikamfuata ofisini na daftari mkononi. Alikuwa mtu wa bara, mchapakazi, hajawahi kukanyaga mikoko.

"Imo katika kitabu gani?" akauliza.

Nikamwambia maji yakipwa Jumamosi twende Gazi, avue viatu. Hakwenda, lakini alama ya mtoto aliirudisha. Nusu yake.