Kaseti ya Colts Neck

Filamu kuhusu Bruce Springsteen, mtunzi na mwimbaji wa New Jersey, Marekani, iliyotoka Oktoba 2025, imeamsha upya swali ambalo watu waliokulia kwenye kaseti hawakuwa na haja ya kuliuliza: ilikuwaje msanii mwenye bendi kamili, na mwenye fedha za kukodi studio yoyote, akatoa albamu aliyoirekodi chumbani kwake, yenye nyimbo ambazo alikuwa bado anazitafuta? Kizazi kinachorekodi kwa simu hakioni ajabu yoyote, kwa sababu hakijui kwamba hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 mtunzi aliyetaka kuitikia sauti yake mwenyewe kwa kawaida alihitaji studio, fundi na saa za kulipia.

Kilichobadilisha mambo ni Portastudio 144, mashine ambayo kampuni ya TEAC ilianza kuiuza mwaka 1979 chini ya jina la Tascam. Ilitumia kaseti ya kawaida, ileile ambayo ukanda wake ukijikunja ulirudishwa kwa kalamu ya Bic, lakini iliigawa kwa namna nyingine. Katika redio kaseti ukanda huwa na pande mbili, A na B, kila upande ukiwa na njia mbili, yaani mistari miwili ya sumaku inayobeba sauti. Portastudio ilizitumia njia zote nne kwa mwelekeo mmoja, tena ikauendesha ukanda kwa kasi mara mbili ili sauti iwe safi zaidi, hivyo kaseti ya dakika 60 ikatosha dakika 15 tu. Njia zikijaa, ilimpasa mtunzi azichanganye, afute kitu, au aridhike.

Springsteen alimwagiza fundi wake wa magitaa, Mike Batlan, amtafutie kinasa sauti, naye akaleta Portastudio 144, ambayo kati ya Desemba 1981 na Januari 1982 iliwekwa katika chumba cha kulala cha nyumba aliyopanga Colts Neck, huko New Jersey, chenye zulia nene la rangi ya chungwa lililomeza mwangwi. Tarehe 3 Januari ndiyo hutajwa zaidi, ingawa tarehe haina uzito kama vifaa vyenyewe: maikrofoni mbili za Shure SM57, gitaa na sauti vikinaswa kwa pamoja, kisha sauti ya kuitikia, gitaa la pili au tari katika njia zilizobaki. Kuchanganya, yaani kuziunganisha njia nne ziwe mbili, kulipitia Echoplex, kifaa cha mwangwi, hadi kwenye redio kaseti ya Panasonic iliyowahi kuzama majini. Fundi wa leo asingeikubali redio hiyo mezani pake, na hapo ndipo hasara ilipo, kwa maana ukungu ule wa sauti ndio unaowafanya wauaji, askari na vibarua wa nyimbo zile wasikike kama watu wanaojisemea peke yao, usiku wa manane.

Nia ilikuwa kuwasikilizisha wenzake wa E Street Band. Kaseti hiyo, ambayo meneja wake Jon Landau alipelekewa pamoja na maelezo ya mkono kuhusu kila wimbo, ilikaa mfukoni mwa Springsteen wiki kadhaa bila hata kasha. Aprili 1982 bendi iliingia studio ya Power Station, New York. Ngoma zikapata nguvu, piano ikang'aa, na wahusika wa nyimbo wakatoweka. Hatimaye iliamuliwa kaseti yenyewe itolewe, kazi iliyowatesa mafundi, maana sauti ya ukanda ule haikukubali kwa urahisi kuchongwa kwenye santuri. Albamu hiyo, *Nebraska*, ilitoka tarehe 30 Septemba 1982 ikiwa na nyimbo 10. "Born in the U.S.A.", iliyokuwa kwenye kaseti hiyohiyo, ilisubiri hadi 1984.

Yaliyofuata yanaelezeka kwa ufupi. Kompyuta zikachukua nafasi ya ukanda, Apple ikatoa GarageBand mwaka 2004, na mwaka 2019 albamu ya kwanza ya Billie Eilish, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa chumbani kwa kaka yake huko Los Angeles, ikasikika dunia nzima. Njia hazina hesabu tena, na kufuta hakugharimu kitu. Uhuru huo ni wa kweli, nao umewafungulia mlango watunzi wa Dar es Salaam na Nairobi wasio na fedha za studio. Lakini inasikitisha kuona programu zikinyoosha kila noti iliyopinda na kufuta kila pumzi, hata wimbo uliotungwa kwa uchungu wa mtu ukatoka bila mtu ndani yake. Rekodi za bendi za mwaka 1982, zile za Power Station, nazo zilitolewa Oktoba 2025. Ni muziki mzuri, uliopigwa na watu hodari, na bado uamuzi wa kuziweka kando ulikuwa sahihi.