Bakuli la tambi Kibosho: Chakula cha jioni cha dakika 25 kinachoanzia kihambani

Magari ya abiria yanayotoka Moshi mjini kwenda Kibosho hujaa mapema jioni. Ndani wamo wauza maduka, mafundi, makarani, wauguzi na kina mama waliofunga biashara zao soko la Mbuyuni, kila mmoja na mfuko wake mapajani. Kwenye mifuko hiyo kuna mkate, nyanya, vitunguu, sukari, na siku hizi pakiti mbili tatu za tambi zile zinazoiva kwa dakika tatu.

Gari likiacha mji, joto nalo linabaki nyuma. Moshi mjini iko chini kidogo ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kibosho, ambako wamisionari wa Kikatoliki walianzisha misheni mwaka 1893, iko juu zaidi kwa mamia ya mita, na abiria hulijua hilo bila kipimo: koti linavaliwa, dirisha linafungwa. Migomba inakaribia barabara pande zote mbili. Kuanzia Kindi hadi Kirima, Singa na Umbwe, nyumba zimejificha ndani ya vihamba, na maji ya mifereji ya asili, mifongo, yanasikika kabla ya kuonekana.

Mama anayeshuka kituoni saa 1:00 usiku ana dakika chache za kutembea. Njiani anapita kwenye kihamba chake mwenyewe. Hapo kuna ndizi, magimbi, mnafu uliojiotea chini ya kahawa, tuta la chainizi, mparachichi na kuku waliokwisha kupanda kulala. Anaingia jikoni, watoto wana njaa na kazi za shule hazijakamilika. Mtori unataka zaidi ya saa nzima. Anachemsha tambi, anamimina ule unga wa kwenye kipakiti kidogo, watoto wanakula na kulala.

Mboga zimebaki nje, hatua kumi kutoka jikoni. Tambi zenyewe si sumu, na mzazi aliyechoka hastahili kusimangwa kwa kuzipika. Tatizo ni kwamba zimeingia ndani peke yake.

Asia iliyoko kihambani

Wapo wanaosema tambi za mchuzi ni chakula cha kigeni, hakiwezi kukaa meza moja na chakula cha Mchaga. Ukweli ni kwamba Asia ilifika Kibosho zamani sana. Mgomba, ambao hakuna kihamba bila huo, asili yake ni Asia ya kusini-mashariki na visiwa vya jirani. Magimbi nayo yalitoka upande huohuo wa dunia. Hata kuku alifugwa kwanza huko kabla ya kusambaa kwingine.

Chainizi inajitambulisha kwa jina lake. Ni mboga ya Kichina ambayo wakulima wa Tanzania wameipanda hadi imekuwa ya nyumbani kama mchicha. Tangawizi, kiungo kinachoupa mchuzi wa Kiasia harufu yake, haihitaji kutoka mbali. Inalimwa kwa wingi milimani Upare, wilaya ya Same, hasa Mamba Miamba, ndani ya mkoa huuhuu wa Kilimanjaro.

Tambi za papo hapo ni mgeni wa juzi. Mwaka 1958, Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyeishi Japani, alianza kuuza tambi zilizokaangwa na kukaushwa, ambazo mtu huhitaji maji ya moto tu kuzila. Huko Asia, hata hivyo, bakuli la tambi la nyumbani mara nyingi huwa na majani, yai, nyama au samaki na mchuzi uliopikwa. Kilichofika kwenye duka la Mangi ni tambi na kipakiti, vile vingine havikusafiri. Bahati nzuri, Kibosho inavyo.

Kipakiti na chumvi yake

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hapo imehesabiwa chumvi yote: ya kwenye mkate, mchuzi, na hiyo inayoongezwa mezani. Kwa mtoto, kiwango kinapaswa kuwa chini ya hapo kulingana na chakula anachohitaji.

Pakiti moja ya tambi za papo hapo inaweza kubeba theluthi hadi nusu ya kiwango hicho cha mtu mzima, na nyingine zaidi. Sehemu kubwa imo kwenye kile kipakiti cha viungo. Mtoto wa miaka minne akila pakiti nzima, amekula chumvi iliyopimwa kwa ajili ya baba yake. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na mdomo uliozoea chumvi utotoni huendelea kuidai ukubwani.

Jambo la pili ni kile kisichokuwemo. Tambi hutengenezwa kwa unga wa ngano. Hutoa nguvu na kushibisha, lakini protini yake ni kidogo, na madini ya chuma na vitamini A mtoto hawezi kuyategemea humo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na mojawapo ni mtoto kushiba kila siku chakula cha aina moja.

Wanachojua wapishi wa mlimani

Kibosho ina walimu wa chakula hiki. Njia ya Umbwe ya kupandia Mlima Kilimanjaro huanzia juu ya vijiji hivi, na vijana wengi wa hapa hupanda mlima kama wapagazi, waongozaji na wapishi. Hema la jikoni huko juu hutoa supu ya mboga kwanza, kisha tambi, wali au viazi, kwa watu waliotembea kutwa nzima na wenye hamu ndogo ya kula.

Mpishi wa mlimani anajua mambo mawili ambayo mzazi anaweza kuyachukua. La kwanza, kila kitu hukatwa kabla jiko halijawashwa, kwa sababu gesi yote imebebwa mgongoni au kichwani mwa mtu. Nyumbani pia, dakika nyingi hupotea pale sufuria inapochemka huku karoti bado zina udongo.

La pili ni kwamba maji hayachemki sawa kila mahali. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka kwa nyuzi joto moja pungufu. Kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, na tambi huchelewa kuiva. Kibosho tofauti ni ndogo lakini ipo. Spageti iliyoandikwa dakika nane huomba kumi. Usiamini saa, onja uzi mmoja.

Namna ya kupika

Bakuli hili linatosha watu wanne. Tafuta:

Gramu 250 za spageti au tambi nyembamba. Ukitumia za papo hapo, chukua pakiti tatu na uweke vile vipakiti vya viungo pembeni.
Mayai manne.
Fungu moja kubwa la chainizi au mnafu, majani machanga.
Karoti mbili, kitunguu maji kimoja, nyanya mbili.
Punje tatu za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kinacholingana na kidole gumba.
Vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa.
Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia.
Ndimu moja au nusu ya limau.
Lita moja na robo ya maji, au supu ya mifupa kama ilibaki.
Soya sosi kijiko kimoja kikubwa, kama ipo. Kama haipo, chumvi robo kijiko cha chai.

Usitumie soya sosi na chumvi pamoja. Kijiko kikubwa kimoja cha soya sosi kina karibu nusu ya chumvi ya siku ya mtu mzima. Kikigawanywa kwa watu wanne kinatosha kabisa.

Osha mboga kwa maji safi yanayotiririka, kisha zikate. Kata karoti vijiti vyembamba ili ziive upesi. Kwaruza tangawizi, ponda kitunguu saumu.

Chemsha maji ya tambi, tia tambi. Kama mboga ni mnafu, utumbukize kwenye sufuria hiyohiyo dakika mbili za mwisho, halafu mwaga maji yote. Uchungu utapungua, na mtoto anayekunja uso akiona mnafu atakula bila ugomvi. Chainizi haihitaji hatua hiyo, iweke kando.

Kwenye sufuria nyingine, au hiyohiyo kama una jiko moja, pasha mafuta. Tia kitunguu maji, dakika moja baadaye tangawizi na kitunguu saumu. Harufu ikipanda tia karoti na nyanya, koroga hadi nyanya zilegee. Mimina maji au supu. Koroga karanga na maji ya uvuguvugu kwenye kikombe hadi zilainike, kisha uzimimine humo. Acha mchuzi uchemke dakika tano, na uukoroge usishike chini.

Piga mayai. Mchuzi ukiwa unatokota, yamimine polepole kama uzi huku ukikoroga kwa uma. Yataganda papo hapo yawe kama utepe, na yataiva yote, jambo la muhimu kwa watoto wadogo na mama mjamzito. Tia chainizi, subiri dakika mbili, weka soya sosi, zima moto. Gawa tambi na mnafu kwenye mabakuli, mwagia mchuzi, kamulia ndimu.

Ndimu haipo kwa ajili ya ladha pekee. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye majani ya kijani. Ndiyo maana inakamuliwa mwisho, mezani, kwani moto huiharibu vitamini hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, chai isinywewe pamoja na mlo huu. Chai hupunguza ufyonzaji wa madini hayo, inaweza kusubiri saa moja au kuachwa hadi asubuhi.

Kama hakuna mayai, dagaa waliosafishwa vizuri, maharage yaliyobaki mchana au vipande vya kuku hufaa. Kama hakuna tambi, wali unakaa vizuri kwenye mchuzi huu. Mpunga hulimwa chini ya mlima, Mabogini na Chekereni, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani.

Bakuli la mtoto

Mtoto aliye chini ya miezi sita hali chochote zaidi ya maziwa ya mama. Kuanzia miezi sita, mchuzi huu unaweza kutolewa kabla ya kutiwa soya sosi au chumvi, ukapondwa pamoja na tambi na mboga hadi uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Anayeanza kutafuna akatiwe tambi fupi, karoti ziive hadi zipondeke kwa vidole. Karanga ziwe zimesagwa. Karanga nzima zinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitano. Kama mtoto hajawahi kula karanga au yai, aanze na kiasi kidogo mchana, siku ambayo mzazi yupo kumwangalia.

WHO na UNICEF hupanga vyakula katika makundi manane, na kushauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale angalau makundi matano kila siku. Hesabu bakuli hili: tambi ni kundi la nafaka, karanga ni jamii ya kunde na mbegu, mayai ni kundi lake, karoti na majani ya kijani ni mboga zenye vitamini A, nyanya na kitunguu ni mboga nyingine. Matano yametimia kwenye sufuria moja. Mtoto anayenyonya, maziwa ya mama ni kundi la sita, na kikombe cha maziwa ya ng'ombe kwa aliyevuka mwaka mmoja ni nyongeza nzuri.

Kazi ya kuchuma

Vihamba vingi vya Kibosho vinalelewa na babu na bibi, huku wazazi wakishinda mjini na watoto shuleni. Bibi anajua mnafu upi ni mchanga na upi umekomaa. Anajua uchumwe wapi ili uchipue tena. Mtoto anayekula tambi za kipakiti kila jioni hana sababu ya kumuuliza, na elimu hiyo haimo kwenye daftari lolote la shule.

Mzazi anaweza kubadili hilo kwa simu moja akiwa bado garini. Bibi na wajukuu waingie kihambani kabla giza halijaingia, wachume fungu moja, walete mayai, wakwangue karoti. Mtoto wa miaka saba anaweza kuosha majani, wa miaka kumi anaweza kumenya tangawizi. Mama akishuka kituoni anakuta kila kitu kimekatwa, kama jikoni la mlimani, na kazi iliyobaki ni kuwasha jiko.

Mtori una siku yake, Jumapili au siku ya mgeni, na unastahili saa yake nzima. Jumanne usiku, mvua ikinyesha na kesho kuna shule, tambi zinatosha, mradi kihamba nacho kimeingia kwenye sufuria.