Chumvi, Sukari Guru na Swali Moja

Kabla ya Januari 2020, safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufunga ilikuwa ya basi, kutoka stendi ya Msamvu pale Morogoro hadi Mwanza. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba nimo katika msafara wa watu sita watakaokwenda Bangladesh kuona jinsi shirika la maendeleo la BRAC linavyofanya kazi, nilimpigia mama simu kwanza. Aliuliza jambo moja tu: "Huko wanakula wali?" Nikamwambia wanakula, tena na samaki. "Basi nenda, mwanangu. Hutapotea."

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa sita katika shirika lisilo la kiserikali linalofundisha usafi na afya vijijini. Jina lake halina kazi hapa, maana yaliyotokea kwetu yanatokea katika ofisi nyingi. Mkurugenzi wetu tulimwita Bosi. Akiingia ukumbini tulisimama wote, na mlango wake ulilindwa na katibu muhtasi mwenye jicho kali. Habari njema zilipita. Habari mbaya hazikuvuka meza ya katibu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vibuyu chirizi, vile vidumu vya maji vinavyoning'inizwa kwa kamba nje ya choo ili mtu anawe mikono bila kushika bomba. Kila robo mwaka niliandika ni vingapi vimefungwa. Niliviona kwa macho yangu vikiwa vikavu, vingine vimeshafunguliwa na kuwekewa mafuta ya taa. Lakini fomu iliuliza vingapi vimefungwa, haikuuliza vingapi vina maji. Nami nikajaza fomu kama ilivyotaka. Niliondoka Dar es Salaam na jambo hilo kifuani.

Tulibadilisha ndege Doha. Hapo ndipo nilipoanza kuiona Bangladesh kabla sijaifikia, kwa sababu ndege ya pili ilijaa wanaume waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka kazi za Ghuba. Walibeba mablanketi mazito yaliyofungwa kamba kama vifurushi vya harusi. Niliwatazama nikawakumbuka watu wetu wanaorudi kutoka Oman na masanduku yao. Jirani yangu alinionyesha simuni picha ya binti yake wa miaka mitatu, ambaye alikuwa hajawahi kumshika mikononi. Hatukuwa na lugha ya pamoja, ila picha ya mtoto haihitaji mkalimani.

Tulitua Dhaka alfajiri, ndani ya ukungu. Mimi nilidhani Asia yote ni joto, kumbe Januari Dhaka ni kama Mgeta mwezi wa saba: watu wamejifunika shali, wazee wamevaa kofia za sufu hadi masikioni. Saa yangu ilikuwa nyuma kwa saa tatu. Barabarani nilishika kiti kwa mikono miwili. Bajaji zao ni za kijani, zinatumia gesi, na abiria amefungiwa ndani ya wavu wa chuma kama kuku anayepelekwa sokoni. Mabasi yamechubuka ubavu mzima kwa kusuguana. Kati ya hayo yote zinapita riksho za kukanyagwa kwa miguu, nyuma zimechorwa tausi, maua na nyuso za waigizaji kwa rangi kali. Nilijisemea kwamba hizi ni khanga zilizotiwa magurudumu.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na ofisi zilikuwa zimefungwa. Kule wiki ya kazi huanza Jumapili. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko. Nilitumia siku mbili hizo kujifunza maneno, na furaha yangu ikawa kubwa. Kitabu ni "kitab". Dunia ni "duniya". Hesabu ni "hishab". Achari ni "achar", ile ile ya embe. Na watu wakikutana huulizana "Ki khobor?", yaani habari gani! Bahari ile ile iliyoleta majahazi pwani yetu imeacha maneno yake pande zote mbili. Sikujihisi mgeni tena kiasi kile nilichotarajia.

Jumapili asubuhi tulikwenda makao makuu ya BRAC, jengo refu mtaa wa Mohakhali. Kutoka dirisha la juu niliona ziwa dogo, na ng'ambo yake bahari ya mapaa ya mabati yaliyobanana. Ule ni mtaa wa Korail, makazi makubwa ya watu maskini, unaofanana na Tandale ukitazamwa kutoka juu. Niliduwaa. Makao makuu ninayoyajua mimi hujengwa mahali ambapo umaskini hauonekani dirishani. Hapa mtu akiinua macho kutoka kwenye karatasi zake, anawaona wale ambao karatasi hizo zinawahusu.

Mshangao wangu mkubwa ulikuwa wa majina. Kijana aliyetupokea alimwita mkuu wa idara yake, mzee mwenye mvi, "bhai", yaani kaka. Mkuu naye akamwita mhasibu mwanamke "apa", yaani dada. Mimi nikawa apa tangu dakika ya kwanza. Nilitafuta neno la "Bosi" katika mazungumzo yao sikulisikia. Hata mwanzilishi wa shirika, Fazle Hasan Abed, ambaye Uingereza ilimpa cheo cha Sir mwaka 2010, pale aliitwa Abed Bhai. Alikuwa amefariki mwezi mmoja tu uliopita, tarehe 20 Desemba 2019, akiwa na miaka 83. Watu walipomtaja walishusha sauti kama wanavyofanya wafiwa. Miezi michache kabla ya kufa alikuwa ameshaacha uenyekiti na kuukabidhi kwa wengine. Jambo hilo lilinigusa, maana nimeona waanzilishi wanaong'ang'ania kiti mpaka shirika linazikwa pamoja nao.

Tulielezwa alivyoanza. Alikuwa mhasibu katika kampuni ya Shell huko Chittagong, mshahara mzuri, nyumba nzuri. Novemba 1970 kimbunga kikaua mamia ya maelfu ya watu pwani, kisha mwaka 1971 vita vya ukombozi wa Bangladesh vikafuata. Vita vilipokwisha aliuza nyumba yake ya London, na mwaka 1972 akatumia fedha hizo kuanza kusaidia wakimbizi waliokuwa wakirudi Sulla, eneo la mbali kaskazini mashariki. Kutoka hapo shirika lilikua hadi likavuka bahari. Tanzania na Uganda liliingia mwaka 2006.

Usidhani kwamba neno kaka limefuta cheo. Cheo kipo, na nidhamu ya kazi ni kali. Mwanzoni hata nilijiuliza kama si mapambo tu, maana nasi tuna shikamoo, dada, kaka na mzee, na bado tunaogopana. Shikamoo yangu kwa Bosi ilikuwa ya adabu kweli, lakini ilikuwa pia njia ya kufunga mazungumzo kabla hayajaanza. Jibu nililipata siku ya nne, tulipotoka mjini.

Tulielekea Manikganj, magharibi mwa Dhaka. Mabomba ya moshi ya tanuri za matofali yalisimama kila upande kama minazi iliyokatwa vichwa. Kisha ukungu ukafunguka na mashamba ya haradali yakatokea, manjano tupu mpaka upeo wa macho. Sijawahi kuona shamba zuri vile. Hata alizeti za Singida zingeona wivu. Kando ya njia wanaume walikuwa wakishusha vyungu kutoka kwenye mitende, maana Januari ni msimu wa kugema utomvu wake. Wanauchemsha mpaka unakuwa donge la kahawia. Nikapewa kipande nikaonja. "Nini hii?" nikauliza. "Gur," wakasema. Nikacheka kwa furaha: ni sukari guru! Neno tunalolitumia sokoni Morogoro kila siku, nimelikuta kwao likiwa linachemka jikoni.

Tulikaa kwenye mkeka uani kwa mama mmoja, wanawake kama ishirini wametuzunguka. Mama huyo alikuwa na umri wa mama yangu. Mwenyeji wetu alimwomba atuonyeshe lobon-gur, yaani chumvi na gur. Alinawa mikono, akachukua maji kama nusu lita, akatia chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, kisha konzi moja ya gur. Akakoroga, akaonja, akatikisa kichwa kuridhika. Alikuwa bibi harusi mpya, alisema, siku msichana wa BRAC alipokuja nyumbani kwake na kumfundisha dawa hiyo ya kuharisha. Miaka zaidi ya thelathini imepita na mkono wake haujasahau kipimo.

Mfanyakazi mmoja mzee aliyekuwa nasi akatusimulia kisa chote. Mwaka 1968 madaktari wa kituo cha utafiti wa kipindupindu cha Dhaka walikuwa wamethibitisha kwamba maji yenye chumvi na sukari yanaweza kumwokoa mgonjwa anayeharisha. Lakini zahanati zilikuwa chache na watoto walikuwa wengi. BRAC ikaamua kwamba kila mama atafundishwa nyumbani kwake. Kati ya mwaka 1980 na 1990 vikundi vya wanawake vijana vilitembea kijiji kwa kijiji na kufikia zaidi ya nyumba milioni 12. Malipo yao hayakutegemea nyumba walizopita. Mwezi mmoja baadaye watu wengine walirudi kwenye baadhi ya nyumba na kumpima mama: anakumbuka? anaweza kuchanganya? Mama akisahau, aliyemfundisha alilipwa kidogo.

Hapo mzee akainama mbele kidogo. Akasema mwanzoni mambo hayakwenda. Akina mama walikumbuka kila kitu, walichanganya vizuri, ila mtoto akiharisha walioitumia dawa walikuwa wachache sana. Viongozi hawakuficha jambo hilo, wala hawakuwalaumu akina mama. Walirudi kwa wafanyakazi wao wenyewe kuuliza. Wakagundua kwamba hata walimu wa dawa hiyo, wao wakiharisha, wengi walikuwa hawainywi. Hawakuiamini. Basi wakaletwa Dhaka wakaelezwa jinsi mwili unavyopoteza maji na jinsi chumvi na sukari zinavyoyarudisha. Waliporudi vijijini walianza kuinywa mbele ya akina mama. Ikaonekana pia kwamba wanaume walikuwa wameachwa nje ya mafunzo, nao wakafuatwa misikitini na sokoni. Polepole dawa ikaingia majumbani.

Nilikaa kwenye ule mkeka nikahisi joto usoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Ofisi yetu ndogo ya kata ilikuwa na kibuyu chirizi mlangoni mwa choo. Kilijazwa siku wafadhili walipokuja, kikakauka siku walipoondoka. Mimi niliyewafundisha watu elfu kunawa mikono nilitoka pale mara nyingi nikajifuta kwenye kitenge changu. Na katika miaka sita hakuna kiongozi aliyeniuliza: wewe mwenyewe unakitumia? Nami sikumuuliza mtu yeyote.

Pale nikaelewa kazi ya neno kaka. Kaka mkubwa kwetu anaheshimiwa, lakini ndiye pia unayemwendea usiku kumwambia ng'ombe amekufa. Ukimficha, siku akijua atakuuliza kwa nini ulimfanya mgeni. Wale watu wa Dhaka waliweza kumwambia mkubwa wao kwamba dawa hainywewi, na mkubwa akaweza kusikia bila kutafuta wa kufukuza. Jina tu lisingetosha. Kilichotosha ni kwamba aliuliza na akakubali jibu.

Nilirudi Morogoro na kilo moja ya gur kwa mama na shali kwa dada yangu. Jumatatu, kwenye kikao, nilisimama, nikatoa shikamoo yangu, kisha nikasema vibuyu vingi tulivyovifunga havina maji, hata cha ofisini. Ukumbi ukanyamaza. Bosi aliuliza kwa nini sikusema mapema. Nikamjibu kwa heshima kwamba hapakuwa na mahali pa kusemea. Hakukasirika kama nilivyohofia. Wiki iliyofuata alipanda gari pamoja nasi, na chini ya mwembe mama mmoja alimweleza alichokuwa hajawahi kukisikia: maji ya kubeba kichwani kwa nusu saa mtu huyanywa kwanza, hayaningʼinizi chooni. Tuliacha kufunga vibuyu vipya, tukashughulikia pampu mbovu ya kijiji.

Machi 2020 korona iliingia nchini, na Tanzania nzima ikaanza kutafuta maji tiririka na sabuni. Kijiji kile kilikuwa na maji. Vijiji vingine vilivyokuwa vimejaa kwenye ripoti zangu havikuwa nayo.

Ndiyo maana naandika haya. Ewe unayeongoza shirika, kubwa au dogo, keti na wafanyakazi wako wiki hii uwaulize kama wao wenyewe wanakitumia kile wanachokifundisha. Na wewe unayejaza fomu kama nilivyokuwa nikijaza mimi, chora safu moja zaidi pembeni, uandike ni vingapi vina maji. Fomu yetu sasa ina safu hiyo. Namba zake ni ndogo kuliko za zamani, na zote ni za kweli.